Mwaka Tuliotafuta Moshi Mlimani Liru

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Arua, na jikoni, nyuma ya nyumba, nikawakuta wanawake wawili ambao hatukuwa tumekaa pamoja sote watatu tangu tulipokuwa wasichana. Mmoja ni Rehema, binti wa shangazi yangu, na harusi ilikuwa yake, maana aliyekuwa akiolewa ni mjukuu wake. Mwingine ni Keji, rafiki yetu Mkakwa kutoka vijiji vya chini ya mlima Liru, aliyekuja kutoka Koboko na kuku wawili na maneno mengi kuliko kuku. Wahenga husema milima haikutani, binadamu hukutana. Sisi tulikutana tumenenepa, magoti mabovu, na wasichana wa siku hizi wakatukalisha kwenye viti vya plastiki kama mizigo ya mtu aliyekwenda kutafuta gari. Mbele yetu wakafungua pakiti ya kuni za dukhan, iliyotoka Sudan, yenye picha ya bibi harusi kwenye karatasi. Kwa asiyejua, sisi Wanubi hatumtoi bibi harusi bila dukhan. Anakalishwa juu ya shimo dogo lenye makaa, amejifunika blanketi zito mpaka shingoni, na chini yake zinafuka kuni za mti uitwao talha, siku baada ya siku, mpaka ngozi inageuka rangi ya asali na harufu inaingia mahali ambapo sabuni haifiki. Mjukuu wa Rehema akatuuliza, "Haboba, na nyinyi mlinunua wapi talha yenu?" Haboba ni bibi. Basi bibi wote watatu tukaanza kucheka, tukacheka mpaka Keji akalazimika kutoa meno yake ya bandia na kuyashika mkononi. Nilipowaambia wale watoto kwamba tulipanda mlima na chungu cha makaa tukinusa moshi wa kila mti, wakatazamana kwa adabu, kama watu wanavyotazamana mzee anapoanza kusahau majina. Naandika ili wajue kwamba sijaanza kusahau.

Mwaka wenyewe ni themanini na saba. Tulikuwa tumerudi Koboko kutoka Sudan, tulikokimbilia vita vilipoingia kwetu West Nile, Uganda, na nyumba ya shangazi yangu Mariamu tuliikuta ina kuta lakini haina paa. Mabati yalikwenda na walioyapenda. Katikati ya sebule ulikuwa umeota mpapai, mrefu, umezaa, na shangazi alikataa katakata usikatwe. "Hii mti nalinda nyumba wakati sisi hapana iko," alisema. "Nani kati yenu nalinda?" Kwa hiyo tulikula sebuleni chini ya mpapai, na papai likiiva tulisogeza sahani. Tulitandika turubai juu ya chumba kimoja, tukalala humo sote watatu, shangazi, Rehema na mimi. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na gurusa, zile chapati laini nyembamba za kwetu, na jioni muhogo kwa majani ya kunde, au samaki wadogo wakavu waliopikwa na ufuta. Sijawahi kula vizuri hivyo tena. Labda ni kwa sababu ya njaa, labda ni kwa sababu tulikuwa nyumbani, sijui na sitaki kujua. Nyumba isiyo na paa ina jambo moja zuri, nalo ni kwamba haina siri. Lililosemwa uani lilisikika chumbani, la chumbani likasikika kwa jirani, na jirani akijibu tulimsikia.

Ndivyo tulivyosikia, Rehema na mimi, siku Bi Zahara alipokuja. Bi Zahara alikuwa mama yake Ismaili, fundi cherehani wa sokoni, na Ismaili na Rehema walikuwa wamependana kiasi kwamba Rehema alikuwa amempelekea nguo ileile aipunguze mara tano. Tulikuwa chumbani, tumejibana ukutani, midomo tumeiziba kwa viganja. Uani wakubwa walizungumza kwa Kiswahili chetu cha West Nile, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika kichwa.

"Mama Rehema, mimi hapana kataa mtoto yako," Bi Zahara alianza. "Msichana iko mzuri. Lakini kule Zaire, miaka yote ile, mimi naliona watoto yetu naolewa kama mbuzi. Leo mutu naona, kesho nachukua. Hapana iko dukhan, hapana iko kitu. Mimi nalisema kwa roho yangu, siku tunarudi, mtoto yangu hapana oa hivyo."

"Lakini talha iko wapi?" shangazi aliuliza. "Barabara ya Sudan iko na vita. Lori hapana kuja."

"Hiyo mimi hapana jua. Kabla ya Ramadhani mimi nakuja kunusa mkono ya binti yako. Kama iko dukhan, sawa. Kama hapana iko, napeleka Ismaili kuoa kwa Wanubi ya Bombo. Kule watu bado nakumbuka."

Rehema hakulia. Aliniangalia tu, na macho yake yalikuwa makubwa mno kwa uso wake. Ramadhani haikuwa mbali. Niliumia kwa ajili yake, tena nikamchukia Bi Zahara kwa moyo wangu wote, na pua yake ndefu na pete zake na jinsi alivyomaliza chai yetu yote kabla ya kuondoka.

Shangazi alikuwa na mkebe mmoja aliozunguka nao Sudan yote, wa biskuti, kifuniko chake kimebonyea. Ndani mlikuwa na vitu vya harusi yake mwenyewe: karafuu kwenye kitambaa, kichupa cha mafuta ya sandali kilichobaki tone, vifungo, sindano, na kipande kimoja cha talha, urefu wa kidole. Keji alikuwa akituletea majani ya kunde kutoka kwao, na siku hiyo shangazi alimpa kipande kile anuse, kwa kuwa alijua familia ya Keji inakata mianzi na nyasi za kuezekea huko mlimani. Keji alifumba macho, akanusa, akanusa tena. "Hii mti mimi najua," alisema. "Harufu hii iko kule juu, karibu na maji." Shangazi aliruka kama msichana. Mimi ndiye niliyeambiwa niende naye, kwa kuwa Rehema ni bibi harusi na bibi harusi hachomwi na jua. "Lakini Safia," shangazi aliniambia huku akinifunga kanga kiunoni, "mlima hapana soko. Ukipotea kule, hapana iko mutu wa kuuliza njia."

Nilikuwa nimeuona Liru kila siku, kama mtu anavyoona ukuta wa jirani. Kutoka mjini ni kitu cha buluu tu, na vilima vyake vidogo vimejipanga pembeni. Sikujua kwamba ukikaribia, ile buluu inageuka kijani, na kijani kinagawanyika, huku mianzi, kule majani marefu yaliyonipita kichwa, na juu zaidi msitu wenyewe, mweusi kwa unene. Tulilala kwa Keji, chini ya mlima, na alfajiri tukapita mashamba ya muhogo umande ukitulowesha mpaka mapajani. Msitu ulipoanza, Keji alichuma jani, akaliweka juu ya jiwe kubwa lililokuwa na majani mengine mengi, makavu na mabichi. Kwao mtu hapiti hapo mikono mitupu. Nami nikaweka langu. Halafu tukaingia, na baridi ikanishika mabegani ghafla, nikasimama. Mimi mtoto wa kambi na wa mjini, nilizoea jua linalokufuata mpaka chini ya kitanda. Hapo jua lilikuwa limevunjikavunjika, vipande vipande juu ya majani, na maji yalikuwa yanasemasema mahali nisipoyaona. Hondohondo wakapita juu yetu, mabawa yao yakivuma, nami nikajitupa chini nikidhani ni ndege ya vita. Keji alinicheka siku nzima. Kila tulipokaa kupumzika alijitupa chini akashika kichwa. Nilijifanya nimekasirika, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, na sikujua furaha ile niiweke wapi.

Karibu na kijito Keji alinionyesha mti wake. Ulikuwa mnene, magome yake meusi, na ukikwangua kwa panga ilitoka harufu kali tamu ileile ya kipande cha shangazi. Tukakata matawi, tukafunga mizigo, tukashuka tukiimba. Sikuwahi kubeba kuni kichwani mbali hivyo, shingo iliniuma wiki nzima, lakini niliingia Koboko kama mtu aliyeleta ng'ombe. Shangazi alichimba shimo chumbani, akapanga makaa, Rehema akajifunika blanketi akakaa, na sisi tukangoja. Moshi ulikuja mzito, wa manjano. Rehema alianza kukohoa, akavumilia, akakohoa tena, na machozi yakamtiririka, lakini alikuwa amekata shauri kuolewa na hakutoka. Alipotoka tulimnusa mmoja mmoja. Halafu paka wawili wa jirani wakaruka ukutani, wakaja moja kwa moja kwa Rehema, wakaanza kujisugua miguuni mwake. Bibi harusi wetu alinuka samaki mkavu. Shangazi alikaa chini kwenye majivu, akajifunika uso kwa kanga, na sikujua kama alikuwa akilia au akicheka mpaka mabega yalipomtikisika. Alikuwa akifanya yote mawili.

Rehema aliogeshwa mara nyingi, lakini harufu ya samaki haikutoka. Ismaili, masikini, alileta sabuni bila kuuliza ya nini. Na ni Rehema, amekaa chini ya mpapai na nywele mbichi, aliyejua kosa letu lilikuwa wapi. Alikuwa akishona kifungo kwa sindano ya kwenye ule mkebe, akaisogeza puani, akaganda. Akaninusisha. Sindano ilinuka karafuu. Tukanusa vifungo, vikanuka karafuu. Tukanusa kifuniko cha mkebe. Kila kilicholala mle miaka yote ile kilikuwa na harufu moja, ya karafuu na sandali, na kile kipande cha talha nacho kilikuwa kimeivaa. Tulikuwa tumempeleka Keji mlimani kutafuta mti unaonuka kama mkebe wa biskuti.

"Mama," Rehema alisema polepole, "hii mti, mpaka tuchome ndiyo tutajua."

Shangazi alikichukua kile kipande, akakirudisha mkebeni, akafunga kifuniko, akaukalia mkebe. Hakuna aliyemlaumu. Kilikuwa ni cha harusi yake, na vingine vyote vya harusi ile, mume, nyumba, paa, vilikuwa vimekwenda. Kwa siku kadhaa hakuzungumza habari ya dukhan wala ya Bi Zahara, na Rehema alizunguka nyumbani kimya akipangusa vitu visivyo na vumbi. Kisha alasiri moja, tukiwa tunachambua kunde, shangazi alileta jiko la mkaa, akaliweka katikati yetu, akamtuma jirani akamwite Keji aliyekuwa sokoni. Keji alipofika, shangazi alisema, "Kuja karibu, nyinyi tatu. Shika kwa pua, kwa sababu nyingine hapana iko." Akakiweka kile kipande juu ya makaa kwa vidole vyake, bila koleo. Moshi wake ulikuwa mwembamba, mweupe, haukuchoma macho. Siwezi kuieleza harufu ile kwa wasioijua. Ilikuwa kavu na tamu, na ilipanda taratibu, na tuliinamisha nyuso zetu vichwa vikigusana. Shangazi alinusa mara moja tu, akatuachia sisi iliyobaki. Nilimpenda shangazi siku zote, lakini siku ile nilimpenda mpaka nikashindwa kumtazama.

Safari ya pili ndiyo hiyo ambayo wajukuu hawaiamini. Keji alisema kunusa mti hakufai kitu, inabidi tunuse moshi, na mti hauna budi kuchomwa palepale, maana mlima una miti mingi na sisi tuna shingo mbili tu. Mama yake alitupa chungu chenye makaa yaliyofunikwa majivu, tukakipokezana kwa kanga zilizokunjwa, tukipanda. Kila mti mkavu ulioanguka tulivunja kijiti, tukakiweka juu ya kaa, tukainama. Mmoja ulitupigisha chafya mpaka Keji akakaa chini. Mmoja ulinuka mkate, tukasikia njaa, tukala muhogo wa kuchoma tuliobeba na karanga, miguu majini. Mwingine ulinuka kwa namna ambayo Keji alisema ni marehemu mjomba wake, nami nikamwambia aheshimu wafu. Nyani walikaa juu ya miamba, familia nzima, wazee mbele, wakitutazama tunavyoinuka na kuinama, na nadhani mpaka leo wanahadithiana. Tulipita mahali ambapo sikuwa nimefika, penye mianzi inayogonganagongana juu, kisha tukatokea kwenye uwanda mdogo wa nyasi kati ya Liru na kilima chake cha pili, upepo umejaa, na maua ya njano madogo kila mahali. Hapo palikuwa na mti ulioangushwa na upepo, ganda lake jeupe linabanduka, moyo wake mwekundu. Tukauchoma. Moshi ulikuja mweupe, mwembamba, nasi tukashikana mikono. Ulianza sawasawa na ule wa shangazi. Lakini mwishoni uligeuka, ukaleta kitu kingine, kitu kama mvua ya kwanza inapogusa vumbi.

"Hii hapana ile," Keji alisema.

"Siyo," nikakubali. Tukachoma tena, na tena. "Lakini Keji, hii ni nzuri."

"Iko nzuri," alisema. "Hata iko nzuri sana. Sasa sisi nafanya nini?"

Tukaubeba. Shangazi alinusa, akanusa tena, akasema siyo yenyewe, halafu akaenda kuchimba shimo. Siku zile za mwisho kabla ya Ramadhani chumba chetu kilikuwa na harufu hiyo usiku na mchana, nguo zetu, chai yetu, hata papai. Ngozi ya Rehema ilianza kung'aa. Majirani walipita nyuma ya ukuta wakiuliza mnapika nini, na shangazi akawa amekwisha kupanga la kumwambia Bi Zahara: talha imekuja na lori kutoka Juba, dereva ni ndugu wa ndugu. Aliurudia uongo ule mbele yetu mara nyingi hivi kwamba mimi mwenyewe nilianza kuliona lile lori.

Bi Zahara alikuja amevaa gurbaba yake nzuri, ile nguo ya kujifunga yenye nakshi za nyuzi, rangi saba. Rehema alikuwa juu ya shimo, kichwa tu kinaonekana. Bi Zahara hakukaa. Alisimama mlangoni chini ya turubai, pua ile ndefu ikafanya kazi, na nikaona uso wake ukibadilika, nisijue unabadilika kwenda wapi.

"Hii talha natoka wapi?" aliuliza.

Shangazi akafungua mdomo. "Lori ya Juba..."

"Hapana talha, mama," Rehema alisema kutoka kwenye blanketi. "Talha hapana patikana. Hii iko ya mlima. Ya Liru. Safia na Keji nalitafuta kwa chungu ya makaa." Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi alimtazama mwanawe kana kwamba amempiga kofi. Rehema akaendelea, "Kama wewe hapana taka, mimi nasikia. Lakini mimi hapana anza nyumba yako na uongo."

Jirani nyuma ya ukuta, ambaye kwa kawaida hukohoa, hakukohoa. Bi Zahara aliutoa mkono wa Rehema chini ya blanketi, akaunusa kwenye kiwiko, pale ndani. Akaurudisha. "Mimi nazaliwa hapa," alisema. "Hii mlima hapana iko na mti kama hii. Kesho nakwenda na hawa watoto. Nikiona kwa macho yangu, nitajua la kusema." Akaondoka bila kunywa chai, na hilo ndilo lililotutisha zaidi.

Kwa hiyo mara ya tatu tulipanda watatu. Bi Zahara alikuja na viatu vya plastiki, mwavuli mweusi na pete zake zote. Kwa mama yake Keji alipewa uji wa mtama, akaunywa amesimama, nasi tukapewa tena chungu cha makaa. Kwenye jiwe la majani alituangalia tunavyofanya, akachuma lake, akaliweka kwa adabu. Msituni alilalamika kuhusu kila kitu, mizizi, nzi, vijana wa siku hizi, serikali, na sisi tulikuwa mbele tukimgeukia, "Pole mama, pole mama," huku tukijiuma midomo. Lakini kwenye mianzi malalamiko yalipungua, na kijitoni alivua viatu, akakaa kwenye jiwe, akaingiza miguu majini kimya. Tulimpa muhogo wa kuchoma, akala wote na kuuliza kama kuna mwingine. Tulipotokea juu kwenye nyasi, penye upepo, tulimwonyesha mti. Hakuuangalia. Alikuwa anatazama upande wa pili, magharibi, ambako mlima unashuka na nchi inafunguka, vijiji, mashamba, moshi wa jikoni, mpaka mbali.

"Kule ni wapi?" aliuliza.

"Zaire, mama," Keji alijibu. Akamtajia vijiji kwa kidole, kimoja kimoja. Kwenye kimoja Bi Zahara akamshika Keji mkono.

"Hiyo? Ile na miti mirefu? Hapo mimi nalikaa." Alifunga mwavuli. "Miaka yote. Asubuhi mimi nafagia, naona mlima moja mbali. Nauliza watu, hii mlima gani? Watu nasema, ya Uganda. Mimi nasema, Uganda iko na milima mingi." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Kutoka kule haiko na sura ile sisi naona Koboko. Mimi naliona Liru kila siku, nalia kwamba nyumbani iko mbali."

Keji alimshika kiuno, nami nikamshika mkono wenye pete, na tukasimama hivyo, upepo ukitupeperushia nguo. Sijui ni muda gani. Nakumbuka kwamba chuki yangu kwake niliitafuta na sikuiona. Mwishowe alijipangusa uso, akauendea mti, akabandua ganda lake, akanusa, akachoma kijiti kwenye chungu chetu na kuinama juu yake. Alipoinuka aliniambia nimpe panga. Nikamwambia, "Mama, sisi tutakata." Akanyoosha mkono tu. Alikata vibaya, akipiga mti kama anayemfukuza nyoka, lakini alikata, akajaza mzigo, akavua ile gurbaba ya rangi saba na kubaki na gauni, akaifanya kata, akaiweka kichwani. "Nipandishie," alisema.

Kwetu mama wa bwana harusi hagusi kuni za bibi harusi. Kuni ni kazi ya upande wa mke, na yeye hungoja aletewe harufu. Keji hakujua hilo, mimi nilijua, na nikampandishia hivyohivyo. Alishuka mlima wote hivyo, hakupokewa. Tulipofika ukingoni mwa mji nikamwonyesha njia ya nyuma ya nyumba, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na nilidhani hatataka kuonekana. Akapita njia kubwa. Alipita mbele ya maduka, mbele ya wauza samaki, mbele ya mafundi cherehani wote barazani, jasho limemtoa wanja machoni, majani kwenye nywele, na Ismaili akasimama na utepe wa kupimia nguo shingoni. Mzee mmoja muuza nguo akampigia kelele, "Mama Ismaili! Leo wewe nabeba kuni?"

Bi Zahara hakusimama. "Hii hapana kuni," alimjibu, kwa sauti ya kufika sokoni kote. "Hii iko harusi."